Sanduku Lililoburutwa Hewani

Juzi mlinialika niangalie mchezo wenu wa televisheni, ile sehemu mume anamwacha mkewe. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikapewa soda, nikaangalia mpaka mwisho. Mke analia, mume anafoka, na muziki unalia kuwashinda wote wawili. Halafu mlango ukafungwa: pwa! Mlango mwepesi kama wa kabati la vyombo, na nyumba mliyotuonyesha ni ya Kiswahili, ya vyumba sita, ambayo mlango wake ni wa mninga na hauwezi kulia pwa hata ukipigwa teke na tembo. Mmoja wenu akanisindikiza nje akaniuliza, "Mzee, umeuonaje?" Nikamjibu kwamba nitaandika. Basi ndiyo haya, na mkiona nimewasema sana, mjue kwamba soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu kwetu Umatumbini, nikaona mwalimu ananichelewesha. Dar es Salaam niliingia na randa moja, patasi mbili na msumeno wa marehemu baba, nikapata nafasi kwenye karakana ya seremala mmoja pale Ilala. Sikubebwa na mjomba wala sikuandikiwa barua na mkubwa yeyote. Miaka zaidi ya ishirini nimetengeneza sauti za redio, watu wenye digrii zao wakinisubiri mimi niseme tayari. Habari za vyeo na mishahara ziko ofisini, nendeni mkazisome huko. Mimi nawaandikia kazi.

Siku yangu ya kwanza sikujua kama ni ya kwanza. Niliitwa studio kutengeneza mlango. Siyo mlango wa kupita mtu, ni mlango mfupi wa mninga uliosimama peke yake kwenye fremu yake, una kitasa, una komeo, hauelekei popote. Nilidhani wamerukwa na akili. Nikatia mafuta kwenye bawaba, mlango ukawa kimya kama maji ya mtungini. Mwongozaji wa michezo, kijana mrefu wa bara aliyeitwa Ndugu Method, akaja mbio ameshika kichwa.

"Fundi, umefanya nini? Huo mlango kazi yake ni kulia!"

"Mlango wa nani?" nikamuuliza.

"Wa nani vipi?"

"Kila mlango una mwenyewe. Wa tajiri haulii, ana mtu wa kuutia mafuta. Wa mjane unalia juu, kwa sababu bawaba ya juu imelegea na hana wa kuikaza. Wa mlevi haulii, unapigwa bega. Niambie mwenyewe ni nani, nikupe sauti yake."

Ndugu Method akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani na anatazama huku na huku kama mwenyewe yupo karibu. Nikaulegeza ule mlango ukalia kwa sauti tatu, moja baada ya nyingine. Wiki iliyofuata nikaitwa tena kwa nyayo, wiki ya tatu kwa mvua, na wiki ya nne sikuondoka. Nikawa mtu wa vishindo. Ndivyo tulivyoitwa sisi tunaotengeneza sauti za vitu ambavyo msikilizaji havioni.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kondo, fundi mitambo, mzaliwa wa Gerezani, mtu wa maneno machache kama aliyekuwa akiyanunua dukani. Yeye alikaa nyuma ya kioo na vifundo vyake vya kuongeza na kupunguza sauti. Alinifundisha jambo moja, na jambo hilo linatosha: "Usipige kitu. Mpige mtu." Maana yake, ukikuna nazi usifikirie nazi, fikiria anayekuna. Ana njaa? Ana hasira? Anasikilizia mume anarudi? Mbuzi ya nazi ni ile ile na kifuu ni kile kile, lakini mkono unasema. Siku za mwanzo nilikuna nazi mpaka kiganja kikachubuka, Mzee Kondo akitikisa kichwa tu nyuma ya kioo. Siku aliyoacha kutikisa, nilitoka pale nikaenda kujinunulia pweza.

Vyombo vyangu vilijaa kona moja. Trei ya kokoto kwa njia ya shamba, kinu na mchi, kufuli tano, kanga mbili kuukuu za kulowekwa na kukung'utwa, bati la radi, na kipande cha sakafu ya saruji nilichokimwaga mwenyewe, futi sita kwa mbili, kwa sababu studio ina zulia na zulia linaua nyayo. Mvua niliifanya kwa mchele ndani ya ungo. Ukaja wakati wa foleni za chakula, na siku moja nikafika kazini nikakuta ungo mtupu. Mvua imeibwa imepikwa ubwabwa. Sikumtafuta mwizi, maana hata mimi nilikuwa nimeitazama mvua ile kwa jicho baya. Nikahamia kwenye changarawe nyembamba, ambayo haipikiki.

Sasa niwaeleze juu ya Bwana Shomari na Bi Mwajuma, kwa sababu hao ndio walionifanya nikamate kalamu.

Shomari alikuwa fundi cherehani, kibarazani kwa nyumba moja ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mkewe, Bi Mwajuma, aliuza viungo sokoni, na alikuwa na ulimi wa kumenya ndizi bila kuigusa. Mimi nilipanga chumba katika nyumba hiyo hiyo, mkabala na chao, korido katikati. Ndugu Method alipeleka suruali ikafupishwe, akasimama pale barazani akiwasikiliza wale wawili.

"Shomari, hiyo suruali ya watu unaifupisha au unaitahiri?"

"Mwajuma mke wangu, nenda kauze pilipili, mbili hazikai nyumba moja."

Method hakuondoka mpaka amewaandika wote wawili. Ndivyo walivyopata kuwa mume na mke wa mchezo wetu wa kila Jumatano: Shomari akaitwa Bwana Kheri, Mwajuma akaitwa Bi Subira. Wasikilizaji wengi hawakujua kwamba ni mume na mke wa kweli. Mtaa wetu ulijua. Jumatano jioni Mchikichi yote ilikuwa inakaa barazani kuizunguka redio, na aliyekuwa na betri mpya alikuwa mheshimiwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mtaa haukulijua, nikalijua mimi peke yangu, bila kulitafuta. Kuta za nyumba zetu zile haziendi mpaka juu. Zinaishia chini ya bati, na neno likisemwa chumba hiki linaruka ukuta kwenda kile. Kabla ya mambo ya redio, Shomari alikuwa na hasira za haraka. Mara mbili, miaka miwili mbalimbali, usiku wa manane wengine wamelala, nilimsikia akimpa mkewe talaka. Mara mbili nikasikia sanduku la Bi Mwajuma, sanduku la harusi yake, la mninga, lenye vyuma viwili chini kama miguu, likiburutwa koridoni kwenda nje. Chuma kimoja kilikuwa kimelegea, kikikwaruza saruji kwa mlio wa peke yake, kama mtu anayemeza kilio. Mara zote mbili Shomari alikwenda Ilala kwa shemeji yake kabla eda haijaisha, akamrejea mkewe, na sanduku likarudi juu ya mkokoteni. Nyumba nzima ikaambiwa Mwajuma alikwenda kumuuguza dada yake. Dada yake alikuwa mzima kuliko sisi sote.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu wa darasa la tatu. Mbili zimekwenda. Imebaki moja, na hiyo ikitoka hakuna kurejeana. Shomari alijua hivyo, akawa mtu mpya. Akikasirika anakwenda kukanyaga cherehani mpaka hasira inaisha uzi.

Ndipo Ndugu Method akaleta karatasi za sehemu ile. Bwana Kheri anarudi nyumbani jioni, amesikia maneno ya watu kuhusu mkewe, anasimama mbele yake na kumwambia: mke wangu, kuanzia leo nimekuacha. Halafu Bi Subira anafungasha anaondoka. Basi. Kwa Method ilikuwa kazi nzuri, na kweli ilikuwa kazi nzuri. Yeye kwao ndoa inafungwa na padri na haifunguliwi na mtu, angejuaje?

Tulipofanya mazoezi, Shomari akafika kwenye mstari ule akakohoa.

"Ndugu Shomari, mstari wako," Method akasema.

"Ndugu mwongozaji, koo."

Wakampa maji. Akarudi mwanzo, akafika pale pale, akakohoa tena. Mara ya tatu akasema amesahau miwani, na Shomari hakuwa mtu wa miwani. Bi Mwajuma alikuwa amesimama upande wa pili wa maikrofoni akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Jumatano utalisema," Method akasema, "au nitamtafuta Bwana Kheri mwingine. Mchezo huu hausimami kwa sababu ya kikohozi cha mtu mmoja."

Mtauliza, si wangesema tu? Wangesema nini? Kwamba Shomari amekwisha kumwacha mkewe mara mbili? Habari hiyo ingefika sokoni kabla yao. Na wangesema ni mchezo, si talaka ya kweli? Shomari alikwenda kuuliza kwa masheikh wawili, kwa kuzungushazungusha, kama anamuulizia rafiki. Akarudi na majibu matatu. Nilimsikia juu ya ukuta akimwambia mkewe, "Mmoja kasema haipiti kwa kuwa hakuna nia. Mwingine kasema ulimi ukitamka umetamka. Halafu yule wa kwanza akanifuata njiani akasema ngoja nifikiri."

Bi Mwajuma akajibu polepole, "Shomari, mimi siwezi kulala na mume wa wasiwasi. Ukilisema, nitaondoka, liwe limepita au halijapita."

Mimi kitandani kwangu, macho juu ya bati. Nikajua kwamba jambo hili limeniangukia mimi, kwa sababu wengine wote hawajui.

Kesho yake nikamfuata Method. Nikamwambia, "Ndugu, ondoa maneno yale. Nipe mimi dakika moja. Nitamwacha huyo mke bila neno."

"Wewe ni mtu wa vishindo au mwandishi?"

"Mwandishi hajawahi kukaa nyumba ya vyumba sita."

Sikusema vizuri, nakubali. Mwandishi alikuwa yeye. Akanielekeza niende kwenye kokoto zangu.

Basi nikaenda kwa Bi Mwajuma pale sokoni, mbele ya mafungu yake ya binzari na iliki. Nikamwamkia, shikamoo dada, ingawa hatukupishana sana umri. Nikamwambia nahitaji sanduku la mchezo wa Jumatano, la kuondokea Bi Subira.

"Masanduku yako mengi Kariakoo," akasema.

"Nalitaka lako."

"La nini langu?"

"Lina mlio wake."

Alikuwa akimpimia mteja binzari nyembamba. Kijiko kikasimama hewani. Akanitazama, nami sikuangalia pembeni. Mteja akasema, "Mama, unanipimia au unaniombea dua?" Bi Mwajuma akammiminia, akamfungia kwenye gazeti, akangoja aondoke.

"Umelisikia mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara mbili, dada."

"Na umemwambia nani?"

"Nimekuja kuliazima, sikuja kuhadithia."

Akafuta mikono yake kwenye kanga. "Chukua. Lakini likirudi na mkwaruzo, nitakupaka pilipili hii mpaka usahau randa."

Jumatano nikalipakia sanduku kwenye mkokoteni mpaka studio. Method akaliona akafurahi, akidhani hatimaye nimefuata karatasi. Wiki ile mashine ya kunasia sauti ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, kwa hiyo tulikwenda hewani moja kwa moja. Nyinyi mkikosea mnasema "tena." Siku ile kilichotoka kimetoka. Shomari alikuja amevaa kanzu safi na kofia, kama anakwenda kuzika.

Taa nyekundu ikawaka. Mimi nikaanza kukuna nazi, mkono wa mwanamke anayejua mume wake anakuja na neno. Pole, pole, halafu haraka, halafu pole. Bi Mwajuma, kwa sauti ya Bi Subira, akaanza kumsema paka. Hayo hayakuandikwa. "We paka, ukisikia maneno ya mtaani unayaleta ndani? Chakula unakula hapa, maneno unayaokota kule?" Ndivyo mwanamke wa pwani anavyomsema mumewe, paka akichukua lawama. Nyuma ya kioo nikamwona Method anafungua karatasi kutafuta paka yuko ukurasa gani.

Nikapiga nyayo za Bwana Kheri kwenye saruji. Zikasimama. Shomari akasogea kwenye maikrofoni. Akafungua mdomo. Nikaona jasho limetoka chini ya kofia likishuka mpaka shavuni na kudondokea karatasi aliyoishika. Method nyuma ya kioo anamnyooshea kidole: sema, sema.

Nikaacha kukuna.

Mjue, vijana, kitu kikali kuliko vishindo vyote ni kishindo kinachokatika. Nazi iliyoachwa katikati ya kifuu, kila mwanamke anajua maana yake. Nikahesabu pumzi mbili. Halafu nikashika mpini wa lile sanduku nikalivuta.

Likalia. Ule mlio wake, ule ule wa koridoni, chuma kilichokaza kikinguruma na kilicholegea kikimeza kilio. Saruji yangu ni futi sita tu, kwa hiyo unavuta, unasimama kama mtu anayebadilisha mkono, unazunguka, unavuta tena ukiipa maikrofoni mgongo, na kila mara unasogea mbali kidogo, mpaka msikilizaji anaona korido ndefu na mwanamke mwishoni mwake. Shomari aliposikia alitoa pumzi. Haikuwa neno, wala haikuwa kilio, ilikuwa pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni na kumbukumbu. Akadondosha karatasi. Bi Mwajuma akaziba mdomo kwa kanga.

Method akampiga Mzee Kondo begani, akimwonyesha kwa mkono: kata, kata! Mzee Kondo, mtu wa maneno machache, akanyoosha mkono kwenye kifundo, akaongeza sauti.

Nikafungua komeo la mlango wa mninga, nikalipitisha sanduku, nikaurudisha mlango taratibu. Haukulia pwa. Ulilia kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuufunga. Taa nyekundu ikazimika.

Method aliingia ndani amefura kwa hasira. Alisema mambo mengi, mengine kwa lugha ya kwao, na la mwisho nililielewa vizuri: mimi na Shomari kesho asubuhi tufike ofisini kwake, ataandika ripoti, na tusilete vyombo vyetu.

Kesho yake tulifika, Bi Mwajuma naye akaja. Hatujaketi, tukasikia kelele mlangoni. Wanawake kama kumi na watano wa Mtaa wa Mchikichi, wamevaa kanga za kutokea, wakiongozwa na Bi Chausiku, balozi wetu wa nyumba kumi, mama mnene aliyezoea kusuluhisha kila kitu kuanzia maji ya bomba mpaka mimba. Mlinzi alijaribu kuwazuia, wakampita kama foleni ya sukari.

"Hodi wenyewe!" Bi Chausiku akasema, akiwa tayari ndani. "Mkubwa hapa nani? Tumekuja kwa sababu ya Shomari. Kamwacha mkewe jana mbele ya nchi nzima."

"Mama," Method akasema, "ule ni mchezo."

"Mwanangu, kwetu kuoa na kuacha havina mchezo. Hawa ni mke na mume wa kweli, nimekula pilau lao. Mtu akimwambia mkewe nimekuacha, hata amwambie juu ya mnazi, imekwenda. Na jana wameingia chumba kimoja wakafunga mlango! Mtaa haukulala."

Nikamwona Method anageuka kumtazama Shomari, halafu Bi Mwajuma, halafu mimi. Uso wake ulikuwa unasoma kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi zake.

"Nani kati yenu alimsikia akimwacha?" akauliza polepole.

"Mimi!" wakasema wote.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nenda kwenu,'" akasema mmoja.

"Hata, shoga. Alisema, 'Nimekuacha.'"

"Nyie redio zenu za kukwaruza. Mimi yangu ina betri mpya. Alisema, 'Talaka yako hii hapa, chukua.'"

Wakaanza kubishana, kila mmoja akiapa kwa masikio yake. Nilisimama pale nikisikiliza, nikasikia raha ambayo sijaipata tena. Wanawake kumi na watano wamesikia maneno kumi na tano, na mtu hajafungua mdomo.

Bi Mwajuma akatoka mbele. "Basi niwaulize mimi niliyeachwa. Mkubwa, wewe ulikuwa nyuma ya kioo. Mume wangu kasema nini?"

Method akaenda mezani kwake akachukua ripoti aliyokuwa ameshaiandika na kuigonga mhuri. Akaisoma kwa sauti: "Mwigizaji Shomari alikataa kutamka maneno yaliyoandikwa. Hakutamka hata neno moja. Fundi wa vishindo aliburuta sanduku bila idhini."

"Hakutamka?" Bi Chausiku akauliza.

"Hata neno moja, mama. Ndiyo sababu nilitaka kumfukuza."

"Ulitaka kumfukuza kwa kutomwacha mkewe?"

Method akaitazama tena ile ripoti. Kijana wa watu, alikuwa muungwana. Akacheka kwanza yeye, tukafuata sisi, na vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa watu ofisi zote za ghorofa ile. Bi Chausiku akamshika Shomari sikio kama mtoto. "Nenda nyumbani na mkeo, we mwanaharamu, umetukosesha usingizi."

Bi Mwajuma akanyoosha mkono kwa Method. "Hiyo karatasi naiomba."

"Ya nini, mama?"

"Kuna siku itasemwa."

Walipoondoka, Method akaniuliza, "Fundi, ulijua?"

"Mimi najua milango tu," nikamjibu. Na zaidi ya hapo sikumwambia, hata yeye. Tangu siku hiyo karatasi zake zilikuja zikiwa na sehemu tupu, ameandika pembeni: hapa Fundi.

Na kweli siku ikaja ikasemwa. Miaka mingi baadaye Shomari alifariki, na kabla matanga hayajaanuliwa wakaja ndugu zake wa mbali wakasema huyu mwanamke si mjane, aliachwa redioni, sisi wenyewe tulisikia. Sheikh akauliza kama kuna ushahidi. Bi Mwajuma hakubishana nao. Akanituma mimi nifungue sanduku, chini kabisa, ndani ya kitambaa cha harusi. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi lakini mhuri ulionekana. Sheikh akaisoma mbele ya wote mpaka pale palipoandikwa "hata neno moja," akaikunja, akasema, "Mama, ingia ndani ukae eda ya mumeo." Akaingia kwa heshima yake yote, akakaa miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyemfungulia mdomo tena.

Mwaka jana Bi Mwajuma naye alitangulia. Wote wawili wameondoka wakiwa mke na mume, na siri niliyoichunga haina tena wa kumdhuru, ndiyo maana nimeiandika.

Siku ile aliyotoka eda ya Shomari, aliniita niende na vifaa vyangu. Nilimkuta amekaa kitandani, sanduku liko katikati ya chumba.

"Ving'oe hivyo vyuma," akaniambia.

Nikaligeuza. Nikatumia patasi ya baba, kile kilichokaza kikanisumbua, kile kilicholegea kikatoka chenyewe. Nikapiga randa pale chini pakawa laini. Halafu nikalisukuma kwenye sakafu mpaka chini ya kitanda, na Bi Mwajuma akainamisha kichwa kusikiliza.

Halikutoa sauti.